G. V. Black: Mwalimu wa madaktari wa meno aliyeanza bila shahada

MWAKA 1870, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, mwanamume wa umri wa miaka 34 alianza kuwahutubia wanafunzi wa Chuo cha Meno cha Missouri juu ya maradhi ya meno na jinsi ya kuyaziba. Chuo chenyewe kilikuwa kingali kichanga, hakijatimiza hata miaka mitano. Ajabu ni kwamba mhadhiri huyo hakuwa amepata kuketi darasani katika chuo chochote cha meno maishani mwake. Shahada hakuwa nayo. Hata masomo yake ya shule za kawaida, ukiyakusanya yote, hayakufika miaka miwili.

Jina lake ni Greene Vardiman Black. Leo hakuna shule ya meno duniani, iwe Chicago, London au Nairobi, ambamo mwanafunzi humaliza masomo pasi na kulisikia. Madaktari wa meno humwita baba wa taaluma yao ya kisasa. Sifa hiyo ina haki yake, lakini inaficha swali ambalo maisha ya mzee huyu yanaliweka wazi kuliko ya mtu mwingine yeyote: mwalimu wa daktari wa meno ni nani hasa? Je, ni fundi aliyewaacha wagonjwa wake akaenda kufundisha? Ni mtafiti wa maabara? Ama ni mkuu wa ofisi anayetia sahihi karatasi? Black alikuwa hayo yote kwa wakati mmoja, na aghalabu hayo yote yaligombania saa zake.

Alizaliwa Agosti 3, 1836, karibu na mji mdogo wa Winchester, jimbo la Illinois, akalelewa shambani. Alipenda msitu, bunduki na samaki kuliko kalamu na ubao. Alipofika umri wa miaka 17 alipelekwa kwa kaka yake Thomas, aliyekuwa daktari katika mji wa Clayton, akaanza kumsaidia na kusoma vitabu vyake vya tiba. Mnamo 1857 alikutana na daktari wa meno aliyeitwa J. C. Speer katika mji wa Mount Sterling, akakaa naye miezi michache kujifunza kazi. Basi. Akarudi Winchester, akafungua chumba chake na kuanza kutibu watu.

Msomaji asidhani kwamba kijana huyo alikuwa mlaghai. Hivyo ndivyo wengi walivyoingia katika kazi hiyo zama zile. Shule ya kwanza ya meno duniani ilikuwa imefunguliwa Baltimore mwaka 1840, mbali na shule za udaktari wa kawaida, na wengi wa waliokuwa wakitibu meno Marekani hawakuwa wamepita humo. Mtu alijifunza kwa kumtazama bwana wake, jinsi kijana wa gereji za Grogan mle Nairobi anavyojifunza injini hata leo: anashika spana, anapaka mikono mafuta, siku moja anaachiwa gari peke yake. Ubaya wa mtindo huo ni kwamba mwanagenzi hupokea ujuzi wa bwana wake pamoja na makosa yake yote, na hana pa kuyapimia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, Black aliingia katika jeshi la Muungano, akatumika kama mpelelezi wa mstari wa mbele. Aliumia goti na kulazwa hospitalini, kisha akaachiliwa. Mwaka 1864 alihamia mji wa Jacksonville, papo hapo Illinois, na huko ndiko alikokaa zaidi ya miaka 30. Ukitaka kumwelewa Black huna budi kuutazama mji huu, wala si Chicago ya baadaye iliyompa umaarufu.

Mchana alitibu wagonjwa. Usiku alisoma. Alijifundisha kemia hadi akawa anawafunza walimu wa shule za mji huo. Alijifunza Kijerumani ili asome kazi za wanasayansi wa Ulaya, maana wakati huo Ujerumani ndiko kulikokuwa na kisima cha elimu ya maradhi na vijidudu. Alinunua hadubini. Alijiundia vyombo alivyovikosa, ikiwamo mashine ya kuchimba meno iliyoendeshwa kwa kukanyaga kwa mguu, katika miaka ambayo wavumbuzi wengine nao walikuwa wakihangaikia chombo hicho hicho. Alicheza ala za nyuzi na kuimba. Mtu hujiuliza alilala saa ngapi.

Kwa hiyo alipoitwa St. Louis mwaka 1870, hakuitwa kwa sababu ya karatasi. Aliitwa kwa sababu wenzake katika chama cha madaktari wa meno cha Illinois walikuwa wamemsikia akisoma makala yake mikutanoni, wakatambua kwamba huyu haelezi tu anavyofanya kazi, bali anaeleza ni kwa nini. Kwa miaka kumi, hadi 1880, alikuwa akisafiri kati ya Jacksonville na St. Louis kwenda kufundisha huku akiendelea kuwahudumia wagonjwa wake. Chuo hicho ndicho kilichomtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa meno mwaka 1877, miaka saba baada ya kuanza kuwafunza wengine waipate.

Hapa pana jambo la kuchekesha na la kutafakarisha kwa pamoja. Mtu huyu aliyeingia kazini bila cheti ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuhakikisha kwamba hakuna mwingine atakayeingia hivyo. Illinois ilipitisha sheria ya kusimamia matibabu ya meno mwaka 1881, na Black akawa mwenyekiti wa bodi ya kwanza ya kuwatahini walioomba leseni. Wapo watakaosema aliupanda ukuta kisha akaivuta ngazi. Mimi naona vingine. Alijua, kuliko wote, ni mambo mangapi aliyokosea kwa wagonjwa wake wa kwanza kwa kuwa hakuwapo wa kumsahihisha.

Ualimu wenyewe, wakati huo, haukuwa na heshima inayoeleweka. Shule nyingi za meno Marekani katika karne ya 19 zilikuwa biashara za walimu wenyewe. Madaktari kadhaa waliungana, wakakodi jengo, wakatangaza kozi na kugawana karo. Kadiri wanafunzi walivyozidi ndivyo mifuko ilivyonona, na kumwangusha mwanafunzi mtihani ilikuwa sawa na kujikata riziki. Hali hiyo haikuanza kukomeshwa kabisa hadi miaka ya 1920, na ripoti ya William Gies ya mwaka 1926 ndiyo iliyosisitiza kwamba shule za meno ziwe sehemu ya vyuo vikuu, na walimu wake wawe wasomi wa chuo kikuu kama walimu wa taaluma nyingine.

Black alikwisha kuanza kuishi hivyo miongo kadhaa kabla ya ripoti hiyo. Mnamo 1883 aliteuliwa profesa wa elimu ya maradhi katika Chuo cha Upasuaji wa Meno cha Chicago. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya sumu zinazotengenezwa na vijidudu. Mwaka 1890 akapokea nafasi katika Chuo Kikuu cha Iowa, na mwaka 1891 akajiunga na shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago. Muda wote huo makazi yake yalikuwa Jacksonville, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago. Alipofanywa mkuu wa shule ya Northwestern mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 61, ndipo alipohamia Chicago.

Lakini vyeo havielezi alichokuwa akikifanya. Tuchukue suala la kuziba meno. Mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, uitwao amalgamu, ulikuwa ukitumiwa Marekani tangu miaka ya 1830, na ulikuwa umewagawanya madaktari wa meno vibaya sana. Wapo walioulaani kuwa ni sumu na kazi ya wavivu, wakashikilia dhahabu. Wapo walioutumia kwa kuwa ulikuwa rahisi. Kila upande ulikuwa na maneno mengi na vipimo vichache. Ziba moja ilidumu miaka, nyingine ilinywea ikaacha ufa ambao uchafu ulipenya, nyingine ilivimba ikatokeza nje ya jino, na hakuna aliyejua sababu.

Black hakuingia katika malumbano. Aliunda kipimo chenye uwezo wa kuonyesha badiliko dogo mno katika ujazo wa ziba inapoganda. Aliunda chombo kingine cha kupima nguvu ya meno yanapouma, ili ajue ziba inapaswa kustahimili uzito gani. Kisha akaanza kujaribu michanganyiko, mmoja baada ya mwingine, akibadilisha kiasi cha fedha, bati, shaba na zinki. Aligundua hata jambo ambalo halikuwa limewajia wengine akilini: kwamba unga wa madini uliokwisha kukerezwa hubadilika tabia unapokaa, na kwamba joto linaweza kuuharakisha uzee huo. Ndiyo maana daktari mmoja alipata matokeo mawili kutoka kwa chupa ile ile. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa kuanzia mwaka 1895, na michanganyiko iliyofuata kanuni zake, yenye fedha kwa zaidi ya asilimia 60 na bati kwa zaidi ya robo, ilitawala vinywa vya watu kwa muda mrefu wa karne ya 20.

Mwaka huo huo wa 1895 alichapisha uchunguzi mwingine ambao kwa maoni yangu ni mzito zaidi, ingawa haukumbukwi sana. Madaktari wa meno walikuwa na msemo wa kujikinga: ziba ikitoka, lawama iliangukia meno ya mgonjwa, kwamba ni laini. Wanawake wajawazito waliambiwa chokaa ya meno yao imenyonywa na mtoto tumboni. Black aliyapima meno yaliyong'olewa, uzito wake, ugumu wake na kiasi cha chokaa kilichomo. Akakuta kwamba ulaini na ugumu huo haukuwa ndio unaoamua jino lipi lioze na lipi lipone. Kwa maneno mengine, alilazimika kuwaambia wenzake, na kujiambia mwenyewe, kwamba ziba nyingi zilianguka kwa sababu ya mkono wa daktari. Mwalimu anayetegemea karo na urafiki wa wenzake hasemi hivyo kwa wepesi.

Darasani, ugunduzi kama huo ulizaa utaratibu. Maadamu kosa ni la mkono, mkono unaweza kufunzwa. Black aliyagawa matundu ya meno katika aina tano kufuatana na mahali yanapotokea: kwenye mifereji ya magego, baina ya meno ya nyuma, baina ya meno ya mbele, na kadhalika. Akapanga hatua za kulitayarisha tundu kabla ya kuliziba: kuchora mipaka yake, kulipa umbo la kustahimili uzito, kulipa umbo la kuishika ziba isitoke, kupata nafasi ya kufanyia kazi, kuondoa uozo uliosalia, kulainisha kingo, na mwisho kulisafisha. Mwanafunzi hakuambiwa tena atazame na kuiga. Aliambiwa afanye nini kwanza, nini baadaye, na kwa sababu gani.

Alikwenda mbali zaidi. Vifaa vya kukatia meno vilikuwa vimeitwa kwa majina ya watu au ya viwanda, na havikufanana mji hadi mji. Yeye akavipa tarakimu: upana wa makali kwa sehemu za kumi za milimita, urefu kwa milimita, na pembe kwa sehemu za mia za duara. Mwalimu wa Chicago akitaja tarakimu tatu, mwanafunzi wa mbali aliweza kuchukua kifaa kile kile. Katika kitabu chake cha maumbile ya meno cha mwaka 1890 alikuwa tayari ameorodhesha vipimo vya kila jino la binadamu, kuanzia meno ya mbele hadi gego la mwisho. Na mwaka 1908 akatoa kitabu chake kikubwa cha juzuu mbili juu ya kutibu na kuziba meno, kilichokuwa kama sheria katika madarasa kwa vizazi kadhaa.

Shule aliyoiongoza haikuwa jumba la fahari lililojengwa kwa ajili ya sayansi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Northwestern ilinunua hoteli maarufu ya Tremont House katikati ya Chicago, ikaigeuza kuwa madarasa na kliniki, na shule ya meno ikahamia humo mwaka 1902. Katika jengo lililokuwa la wageni matajiri, watu wa mji sasa walikuja kutibiwa na wanafunzi, walimu wakisimama nyuma yao.

Nafasi hiyo ya kusimama nyuma ya mwanafunzi ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mwalimu wa meno. Nimewahi kuketi kwenye kiti cha kliniki ya wanafunzi, kinywa wazi, nikimtazama mhadhiri kwa pembe ya jicho. Hakuwa anasema neno. Mkono wake ulinyanyuka mara mbili kana kwamba atakinyakua kifaa, na mara mbili akaurudisha mfukoni. Daktari wa kawaida ana deni kwa mgonjwa mmoja. Yule aliyesimama nyuma ana deni kwa mgonjwa huyu, kwa mwanafunzi, na kwa watu wote ambao mwanafunzi huyo atakuja kuwatibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufunza madaktari wa meno mwaka 1974, mzigo huo uliingia nchini mwetu, na wahadhiri wetu wanaujua, hasa wanaotoka kliniki wakaingia darasani, wakatoka darasani wakaingia kikaoni.

Ipo sehemu nyingine ya maisha ya Black inayotugusa Wakenya moja kwa moja. Msafiri anayepita Nakuru, Naivasha au Baringo hukutana na watu wenye meno ya rangi ya hudhurungi, wengine yakiwa na mabaka meupe kama chokaa. Wenyeji wa Colorado Springs, mji ulio chini ya milima magharibi mwa Marekani, nao walikuwa hivyo. Daktari kijana aliyeitwa Frederick McKay alifika huko mwaka 1901 akashangaa, na alipowauliza wakubwa zake hakuna aliyemjibu la maana. Hatimaye alimwendea Black.

Mzee hakuamini mara moja. Ilikuwa vigumu kwake kukubali kwamba kuna hali ya meno iliyoenea namna ile na ambayo vitabu vya taaluma, vikiwamo vyake, havikuitaja. Aliomba aletewe meno, akayakata na kuyatia chini ya hadubini. Mwaka 1909 McKay na wenzake walichunguza watoto 2,945 wa shule za mji huo, wakakuta kwamba asilimia 87.5 ya waliozaliwa hapo walikuwa na mabaka. Mwaka huo huo Black, mwenye umri wa miaka 72, akafunga safari hadi Colorado kujionea kwa macho yake.

Katika miaka iliyofuata wawili hao walithibitisha mambo mawili. Kwanza, mabaka hayo huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Mtu mzima anayehamia eneo hilo hayapati. Pili, na hili lilimshangaza Black, meno hayo yaliyoonekana mabovu hayakuoza kama ilivyotarajiwa. Sababu hakuiona akiwa hai. Ripoti yake na McKay ilitoka mwaka 1916, yeye akiwa amekwisha kuzikwa, na mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipogundua kwamba kisa ni madini ya floraidi katika maji ya kunywa. Kutoka hapo ikaja elimu ya floraidi katika dawa ya meno, na vilevile elimu ya kuyachuja maji yenye floraidi iliyozidi, ambayo katika Bonde la Ufa imefanywa hata kwa mkaa wa mifupa.

Ingekuwa si haki kumsimulia Black kana kwamba kila alichofundisha kimesimama. Kanuni yake mashuhuri ilimtaka daktari apanue tundu kupita pale palipooza, hadi kufikia sehemu ambazo hujisafisha, ili uozo usirudi pembeni mwa ziba. Kwa zana za enzi yake ilikuwa hekima. Lakini wanafunzi wa wanafunzi wake waliendelea kukata meno mazima kwa miongo mingi, hata baada ya floraidi na ziba za kisasa zinazojigandisha kwenye jino kuondoa haja hiyo. Siku hizi hufundishwa kukata kidogo iwezekanavyo. Amalgamu nayo, kwa sababu ya zebaki, iliwekwa katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 miongoni mwa bidhaa ambazo nchi zilitakiwa kupunguza matumizi yake. Black mwenyewe alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba mwanataaluma hana haki ya kuacha kusoma, na alitazamia siku ambapo kuzuia maradhi kungechukua mahali pa kuziba matundu. Waliogeuza vitabu vyake kuwa msahafu hawakumsikiliza vyema.

Wanawe wawili walimfuata katika tiba. Carl alikuwa daktari wa kawaida, naye Arthur akawa daktari wa meno, mwalimu, na baadaye mkuu wa shule ile ile ya Northwestern. Babake hakustaafu kamwe. Mwaka 1915, akiwa angali mkuu wa shule, alitoa kitabu chake cha mwisho, juu ya maradhi ya ufizi na mizizi ya meno. Alifariki Agosti 31 mwaka huo huo, wiki nne baada ya kutimiza umri wa miaka 79.

Sanamu yake ilisimamishwa Chicago mwaka 1918, kazi ya mchongaji Frederick Hibbard, nayo iko katika bustani ya Lincoln Park. Inamwonyesha ameketi kitini. Shule aliyoiongoza kwa miaka 18 haipo tena. Chuo Kikuu cha Northwestern kiliifunga mwaka 2001, wanafunzi wa mwisho walipohitimu.